Dakika Mbili za Doreen

Siku Doreen Halvorsen alipopokonywa leseni ya udereva, jirani yake Candace Whitlock alimletea keki ya limau na ahadi. Keki iliisha kesho yake. Ahadi ilikuwa kwamba yeye Candace, pamoja na majirani wengine wa Mtaa wa Manzanita, watampeleka Lyle kliniki kwa zamu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na Doreen asihangaike hata kidogo.

"Sisi hapa mlimani ni familia," alisema Candace, amesimama mlangoni na kofia yake ya bustani. "Mnataka basi la nini? Mna sisi."

Doreen alishukuru, akashukuru tena, maana alikuwa ameogopa sana. Macho yake yalikuwa yanakufa katikati: akimtazama mtu usoni aliona nywele na masikio, pua na macho hayapo. Lyle, mumewe, figo zake zilikuwa zimekwisha, na bila kuunganishwa na ile mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki hakuwa na maisha. Kliniki iko mjini, chini kabisa. Na mlimani kwetu asiye na gari hana miguu, kwa sababu barabara ya kushukia haina hata ukingo wa kutembelea, na magari hupinda zile kona kana kwamba yanafukuzwa.

Basi lenyewe lilikuwa limekwisha kupigiwa kura. Watu wa mji wetu wa Alder Glen, saba katika kila kumi, walikubali kodi ya madukani iongezwe ili basi la bondeni lipande mpaka juu, na kituo kiwekwe kwenye kona ya Manzanita, mbele ya mawaridi ya Candace. Na jambo alilolishika Doreen kuliko yote ni hili: lile gari dogo la wagonjwa la halmashauri, lenye mkono wa kushusha kiti cha magurudumu, huenda kule tu linakokwenda basi. Ndivyo sheria yake ilivyo. Basi likipanda, nalo litapanda, litapiga honi mlangoni pa Lyle. Basi likibaki chini, nalo litabaki chini. Yalikuwepo magari mengine ya bure, lakini hayo ni ya maskini, na pensheni ya Lyle ya kiwanda cha karatasi ilizidi kidogo umaskini unaotambuliwa na serikali. Teksi ilitaka dola hamsini na tano kushuka, na hamsini na tano nyingine kupanda.

"Kumbe sisi matajiri," Lyle alisema siku walipoelezwa hayo. "Nilijua tu ipo siku."

Miezi ya kwanza zamu zilikwenda vizuri, kadiri jambo la kuombwa linavyoweza kwenda vizuri. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na Lyle, mtu mrefu aliyekuwa akiendesha malori ya magogo ujanani, alijifunza kukaa kwenye kiti cha nyuma pamoja na mbwa wa watu. Siku moja bandeji ya mkononi ilivuja tone la damu kwenye kiti cha gari la Candace. Ijumaa iliyofuata kiti kilikuwa kimetandikwa taulo, na ikawa hivyo kila Ijumaa. Lyle akishuka alilikunja taulo lile mwenyewe, pembe kwa pembe, akaliweka sakafuni.

Halafu kulikuwa na kungoja. Mashine ikimwachilia mtu humwacha hana nguvu, miguu kamba, kinywa kikavu. Dereva wa siku hiyo yuko kwenye mazoezi yake ya viungo, au kwenye foleni ya duka la mbegu, na Lyle amekaa kwenye benchi la nje anamwambia kila nesi anayepita kwamba wanakuja sasa hivi. Huwezi kumkaripia mtu anayekusaidia bure.

Doreen naye alioka mikate ya ndizi. Hakuna aliyemwomba, ila aliona haya kupokea mikono mitupu. Alipapasa joko akiwa nusu kipofu, akaungua vidole, akaifunga mikate kwa karatasi ya rangi na kuipeleka nyumba kwa nyumba.

"Unawalipa ndizi," Lyle alimwambia. "Siku watakayotaka zaidi utawapa nini?"

"Wewe kula, acha maneno."

"Nakula. Huu umeungua."

"Basi kula upande wa pili."

Aliyekuwa akipita kila asubuhi ni Delfina Quiroga. Delfina alimtunza mzee mmoja wa nyumba ya juu kabisa, akimwogesha na kumlisha, na alipanda mlima kwa miguu kutoka kituo cha mwisho cha basi, ameshika begi kifuani ili magari yasilikumbe. Alikuwa akisimama kwa Doreen kunywa maji. Ndiye aliyeleta habari kwamba kuna watu saba wamejiita Walinzi wa Mlima, wamemweka mwanasheria, na wanataka baraza la mji liamuru utafiti mkubwa wa mazingira kabla ya basi kupanda.

"Utafiti wa nini?" aliuliza Doreen.

"Wa ule mwaloni pale konani. Na kelele. Na moshi. Na kama watu wa basi wataangalia ndani ya madirisha." Delfina aliweka glasi chini. "Utachukua miaka miwili, mama. Na pesa ambayo jimbo limetoa kwa basi hili haingoji miaka miwili. Isipotumika kufikia majira ya kuchipua inakwenda mji mwingine. Wanajua."

"Watu saba tu?"

"Saba wenye nafasi. Sisi tulio wengi, saa kumi na moja jioni mkutano ukianza, tuko kazini. Asiyekuwapo na lake halipo." Kisha akamwangalia Doreen vizuri. "Mimi nimeomba ruhusa, nitasema. Lakini pale ukisimama lazima utaje jina na unapokaa. Nikisema nakaa bondeni, wanaangalia saa. Wewe ni wa Manzanita. Mumeo ana mashine. Sema wewe, mama. Dakika mbili tu. Eleza lile gari la wagonjwa, basi."

Doreen alikubali. Usiku alijizoeza jikoni, akimwambia Lyle apime kwa saa ya ukutani, na Lyle akamwambia aondoe ile sehemu ya kuomba radhi mwanzoni, kwa sababu inakula nusu ya muda.

Sasa, aliye kipofu atafikaje kwenye ukumbi wa mji? Hapo ndipo mkasa ulipo. Jioni ya mkutano Candace alipiga honi nje, akamfungulia Doreen mlango, akamfunga mkanda mwenyewe.

"Nimefurahi unakuja," alisema walipoanza kushuka. "Watu wanafikiri sisi tuna roho mbaya. Mimi si mtu wa roho mbaya, Doreen."

"Hapana, wewe umetusaidia sana."

"Nimepanda yale mawaridi mwaka aliokufa mama yangu. Wataweka benchi pale. Na pipa la taka. Watu watakaa pale usiku, hatujui ni akina nani." Alipinda kona kwanza. "Stu Brandt ndiye atakayesema kwa niaba yetu. Alikuwa wakili, anajua kupanga maneno. Tatizo ni hizo dakika mbili mbili. Lakini unaruhusiwa kumpa mwenzako zako. Unaandika kikaratasi tu. Sote tunampa Stu."

Doreen aliishika mikono yake. "Mimi nilitaka kusema kidogo mwenyewe."

"Kuhusu nini, mpenzi?"

Swali liliulizwa kwa upole kabisa. Doreen alikuwa amefungwa mkanda kwenye kiti kilekile kinachotandikwa taulo, na ilikuwa Jumatano, na Ijumaa ilikuwa zamu ya Candace. Alijua kila neno alilojizoeza. Aliyatafuta yote, akayaona yamejipanga, na hakuna hata moja lililokubali kutoka.

"Kuhusu Lyle," alisema hatimaye.

"Stu atamtaja Lyle. Stu anampenda sana Lyle."

Mlangoni pa ukumbi Candace aliandika kikaratasi, kwa kuwa Doreen hakuweza kuona mistari, na Doreen akatia sahihi pale alipowekewa kidole. Walikaa mstari wa mbele. Nyuma yao kulikuwa na watu wachache wa bondeni waliokuja na sare zao za kazi, na Delfina alikuwa miongoni mwao. Doreen aliisikia sauti yake ikimsalimia mtu, akainamisha kichwa.

Delfina aliitwa mapema. Alitaja jina lake, akasema anakaa bondeni, na akaanza kueleza mlima ule unavyopandwa alfajiri wakati wa mvua. Alieleza vizuri, lakini alianzia mbali, kama watu wetu wengi wanavyofanya wakitaka kueleweka, na kengele ikalia kabla hajafika kwenye gari la wagonjwa. Akasema "samahani, naomba neno moja," mwenyekiti akamshukuru kwa kuja.

Kisha akasimama Stu Brandt. Alikuwa na dakika zake na za wenzake wote, kwa hiyo hakuwa na haraka. Alizungumzia mizizi ya mwaloni. Alizungumzia hali ya mtaa, na jinsi yeye mwenyewe alivyo mpenzi wa mabasi, mabasi mahali pake. Alipokuwa anamalizia alishusha sauti.

"Wapo wanaosema tunawanyima wagonjwa," alisema. "Nataka mjue kwamba jirani yetu Doreen Halvorsen, aliyekaa hapa mbele, mumewe anaishi kwa mashine, tena nyumba yao iko hatua chache tu na hicho kituo. Nani angelihitaji basi kuliko yeye? Na yeye jioni hii amenipa dakika zake. Kwa sababu anajua sisi tunawatunza watu wetu."

Watu wa mbele walipiga makofi. Candace alimbana mkono. Akili ilimwambia Doreen asimame, lakini angesimama na kusema kwa dakika zipi? Alikuwa amekwisha kuzigawa. Baraza lilipiga kura, watatu kwa wawili, na mmoja wa wale watatu alisema kwamba alikuja hajaamua, ila ushuhuda wa familia ya Halvorsen umemgusa. Utafiti ukaamriwa.

Nje, kwenye ngazi, Delfina alimpita karibu.

"Bibi Doreen," alisema. Siku zote alikuwa akimwita mama.

"Delfina, ngoja nikueleze."

"Nawahi basi," alisema Delfina, akaenda.

Lyle alikuwa amekaa mbele ya televisheni. Mikutano ya baraza huonyeshwa kwenye kituo cha mji, na hakuna anayeitazama ila wagonjwa na wagomvi. Alikuwa ameizima, lakini rimoti ilikuwa bado mkononi.

"Umeona?" Doreen aliuliza.

"Nimemwona Stu. Suti nzuri."

"Ilikuwa Ijumaa, Lyle. Nilifikiria Ijumaa. Ningesema, nani angekupeleka Ijumaa?"

Lyle alikuwa mtu wa mizaha, na Doreen alingoja mzaha uje upoze mambo kama kawaida.

"Sijakasirika," alisema. "Mimi nakaa kwenye taulo lao. Ningekuwa mimi pengine ningefanya vivyo hivyo. Lakini kule kliniki wana televisheni, Doreen. Kesho kutwa nitaingia mle, na wengi wetu tunaokaa kwenye vile viti tunatoka mahali pasipo na basi."

Doreen alikaa chini kwenye zulia, karibu na miguu yake iliyovimba, akalia. Lyle alimpapasa nywele. Hakumwambia kwamba si kitu.

Majira ya kuchipua yalifika, na ruzuku ya jimbo ikaenda mji mwingine, huko kusini, ambako walikuwa na kona isiyo na mwaloni. Utafiti wenyewe haukwisha. Watu saba katika kumi walisoma habari hiyo gazetini, wakasikitika, wakaenda kazini.

Na zamu nazo zikaanza kulegea. Hakuna aliyeziacha kwa ubaya. Candace na mumewe walikwenda Ureno wiki sita. Stu alifanyiwa upasuaji wa goti. Mama mmoja aliyekuwa akishika Jumatatu alipata mjukuu. Watu walikuwa wema kama walivyokuwa, ila wema wao ulikuwa na likizo, na damu ya Lyle haikuwa nayo. Alikosa Jumatatu moja, wakalipa teksi Jumatano. Wiki nyingine alikosa mbili mfululizo. Mtoto wao wa kiume alipiga simu kutoka Ohio, akatuma dola mia mbili na kusema mwezi ule ni mgumu.

Asubuhi moja Lyle aliamka hapumui sawasawa, amevimba mpaka kope. Gari la dharura lilikuja na ving'ora, kubwa kuliko basi lolote, likasimama palepale konani, na majirani wakatoka na makoti ya kulalia kumpungia mkono.

Hospitalini ofisa wa ustawi wa jamii alizungumza nao kwa sauti ya kuwabembeleza. Ipo nyumba ya kutunzia wagonjwa, ukuta mmoja na kliniki. Wanasukumwa kwa kiti kupitia mlango wa ndani, hawahitaji gari. Kuna kitanda kimoja.

"Na mimi?" aliuliza Doreen.

"Wewe si mgonjwa, mama."

"Haoni," Lyle alisema.

"Pole sana. Lakini hilo peke yake halimpi kitanda."

Hivyo ndivyo watu waliolala kitanda kimoja tangu ujana wao walivyotenganishwa, kwa adabu kubwa, mchana, mbele ya bakuli la pipi. Lyle alichukua kitanda. Pensheni ikamfuata, kukilipia. Doreen akarudi Manzanita kwenye nyumba yenye vyumba vitatu na mwanga wa pembeni tu.

Kila Jumapili Candace alimshusha kwenda kumwona mumewe. Lazima isemwe: hakukosa hata Jumapili moja tangu aliporudi kutoka Ureno. Alimwacha mlangoni, akaenda kununua mboga zake, akarudi. Lyle na Doreen walishikana mikono na kuzungumza juu ya chakula cha pale, ambacho Lyle alisema kimepikwa na mtu aliyesimuliwa tu chakula ni nini. Wakiwa bado wanacheka honi ililia nje.

Jumapili moja, wakipanda mlima kurudi, Candace alisema shule inataka kujenga nyumba za kupangisha walimu kwenye uwanja uliokauka karibu na kanisa. Ghorofa tatu. Stu ameshaandika pingamizi.

"Mkutano ni Jumanne," alisema. "Nitakupitia. Unajua ulivyosaidia mara ile. Watu wanakusikiliza wewe."

"Sikusema kitu mara ile," alisema Doreen.

"Ndiyo maana, mpenzi."

Doreen alitazama mbele, ambako hakuona barabara, ila ukungu wenye miti pembeni. Maneno yaliyokataa kutoka mwaka ule yalitoka sasa, bila hasira, yamechelewa.

"Lyle yuko kule kwa sababu yenu, Candace. Basi lingepanda, gari la wagonjwa lingepanda. Angelala kwake. Mlilizuia, na mimi niliwapa mdomo wangu mkaufanya wenu."

Candace alipinda kona mbili ndipo akasema.

"Baada ya yote niliyowafanyia."

"Najua mliyotufanyia. Nilishukuru kila mara."

"Mimi niliacha bustani yangu kila Ijumaa. Kila Ijumaa, Doreen. Nani mwingine alifanya hivyo?"

"Hakuna. Ndicho ninachosema. Haikupaswa kuwa wewe."

Candace hakulielewa neno lile, na sidhani amelielewa mpaka leo. Aliyempa punda fadhila hungoja teke, na yeye aliona amepigwa. Alisimamisha gari mbele ya nyumba, akazunguka, akamfungulia Doreen mlango, akampa fimbo yake mkononi. Alikuwa analia. Akasema usiku mwema ilhali jua lilikuwa bado liko juu.

Jumapili iliyofuata honi haikulia. Doreen alipiga simu, ikapokelewa na mashine ya ujumbe yenye sauti ya mumewe Candace. Akaita teksi, akaenda na kurudi, na pesa ya mafuta ya kupashia nyumba joto ikawa imekwenda nayo. Delfina hakuwapo tena wa kuombwa ushauri; yule mzee wake alikuwa amefariki, na yeye alipata kazi upande mwingine wa ghuba. Walimu hawakupata nyumba. Stu alizungumza dakika kumi na mbili.

Jumapili ya pili Doreen alivaa vizuri, hata hivyo. Alivaa koti na viatu vya kamba, akaketi karibu na dirisha, mkoba mapajani. Magari yalipita, moja likapunguza mwendo konani, akanyanyuka kidogo, likaenda zake. Chakula cha mchana kikapita. Simu ikalia.

"Uko wapi, mke wangu?" Alikuwa Lyle. "Wameninyoa. Nimekaa kiti cha dirishani ili nikuone ukishuka."

Doreen alifungua kinywa amwambie.

"Niko njiani," alisema.

"Nilidhani mmepata ajali. Basi mwambie dereva aende polepole, zile kona si mchezo. Wanataka kunirudisha kitandani, nimewaambia bado. Silali mpaka ufike."

"Usilale," alisema Doreen, akainama na kuanza kufungua kamba za viatu.